Sahani za Nukta Tatu

Nyumbani kwa kaka yangu, mtaa wa Raskazone, kuna ukuta ambao wageni hupenda kuupiga picha. Uko ubavuni mwa mlango wa mbele, umepakwa chokaa nyeupe, na umejaa sahani za kale za Ulaya zilizochorwa maua kwa mkono: mawaridi mekundu, majani ya kijani, kingo za buluu. Fundi amezizamisha katika saruji, na sasa hazitoki ila kwa nyundo. Wageni husema kaka ana jicho la kujua vitu vizuri, naye hushukuru. Jicho lilikuwa langu na sahani zilikuwa zangu, na nimeamua kulisema hilo kabla sijazeeka nikaanza kusamehe ovyo.

Mimi nina duka la vyombo sokoni. Si vyombo vya kale. Nauza ndoo, mabeseni, majagi, sahani za melamini, chupa za chai na hotpoti, vitu ambavyo mtu hununua leo na mwakani akaja kununua vingine. Siku moja aliingia mwanamke wa Nguvumali aliyekuwa akimwoza binti yake. Alitaka hotpoti kubwa, ile yenye maua ya dhahabu kifunikoni, na hakuwa na cha kunipa. Akafungua kanga akatoa sahani. Akasema ilikuwa ya bibi yake, haifai kwa lolote, watoto wanaogopa kuiosha.

Niliigeuza chini juu, kama kila mwanamke wa pwani anavyogeuza chombo kabla ya kukisema. Nyuma palikuwa na muhuri wa taji uliofifia na maneno ya kigeni. Nikaigeuza tena. Ua lilikuwa moja tu, limechorwa kwa vipigo vichache vya brashi, na penye ncha ya jani brashi ilikuwa imenyanyuliwa haraka ikaacha mkia mwembamba ulioelekea kushoto. Sikuwa najua kitu kuhusu sahani za Ulaya. Nilijua tu kwamba mtu aliyechora mkia ule alikuwa na haraka, na kwamba hata katika haraka yake hakukosea. Nikampa hotpoti yake.

Kuanzia hapo habari ikaenea kwamba mwenye duka lile ana wazimu wa vyombo chakavu. Walikuja. Sahani hizi zilitengenezwa Uholanzi na Uingereza, zikaletwa pwani yetu kwa meli tangu enzi za mababu, na wanawake wa hapa wakazipenda kwa rangi zake. Walizitundika ukutani wakapakulia pilau humo siku za harusi. Sasa wajukuu wao walitaka vyombo visivyovunjika. Mimi niliwapa kipya, wao wakanipa cha kale, na kila mmoja aliondoka akimwona mwenzake mjinga.

Mama mmoja wa Kihindi, mjane wa muuza vitambaa, aliniita kwake walipokuwa wakifunga nyumba ili ahamie kwa wanawe ng'ambo. Kabatini mwake zilikuwamo sahani zenye ukingo wa buluu, na moja ilikuwa imewahi kuvunjika ikashonwa nyuma kwa pini za shaba. Alisema wakwe zake wanataka vyombo vya kuingia kwenye maikrowevu. Aliipapasa ile iliyoshonwa, akaniambia nichukue zote, ila nisimwonyeshe nikizifunga. Nikamgeuzia mgongo nikazifunga kwa magazeti.

Sahani kubwa kuliko zote nilipewa na mwanamke wa Kipemba aliyekuwa akiuza karafuu na viungo karibu na duka langu. Ndugu zake walimletea kutoka kwao, imeviringishwa kwenye kanga mbili. Ilikuwa pana, tumbo lake jeupe tupu, na shada la mawaridi limezunguka ukingo wote. Niliigonga kwa ukucha. Sahani nzima hulia. Yenye ufa hukohoa. Hii ililia mpaka nikaishika kuinyamazisha. Alichukua chupa mbili za chai na akaniombea dua.

Zote nilizipeleka Mabawa, kwa mama. Ndiko nilikokaa tangu ndoa yangu iliponishinda, chumba cha nyuma, mimi na mama peke yetu. Baba alikuwa ameshatangulia. Kaka yangu, mkubwa wangu, alikuwa na kazi yake ya kutoa mizigo bandarini, na mke, na nyumba ya kupanga yenye feni kila chumba. Sisi wawili tu ndio watoto wa mama.

Sahani ya kwanza nilipoiingiza, mama aliipokea mapajani, akaigeuza, akauliza, "Ina alama ya nani?"

Nikamwambia haina.

"Chombo kisicho alama ni cha mwenye kukiokota, mwanangu."

Asiyekulia mitaa yetu huenda asielewe. Kukiwa na harusi au hitima, vyombo vya mtaa mzima hukusanywa nyumba moja: masinia, mabakuli, sahani, sufuria. Watu wakishakula, wanawake hukaa uani wakaviosha kwa pamoja, na kinachovirudisha kwa wenyewe ni alama iliyo chini. Nyumba ya kona ilikuwa na mstari wa kijani. Jirani wa kushoto alichora herufi. Ya mama ilikuwa nukta tatu nyekundu, alizoziweka kwa rangi ya kucha, rangi pekee ya kucha iliyowahi kuingia nyumba ile, maana yeye mwenyewe hakupata kuipaka vidoleni. Kichupa kilikaa kwenye kopo la chumvi, juu ya kabati la jikoni.

Akaniagiza nikilete. Akaweka nukta tatu, akazipuliza taratibu mpaka zikakauka. Ikawa ndiyo ada yetu. Kila nilipoleta sahani niliiweka mapajani mwake, yeye akaigeuza, akaisifu au akaitia kasoro, kisha nukta, kisha pumzi yake. Sikuwaza neno mali. Siku nyingine nilikuwa nimeshinda sokoni nikitukanwa na wateja, na nilichongojea kutwa nzima ni kumwona mama akipuliza zile nukta.

Nilipiga misumari, nikasuka waya, nikazitundika sebuleni mpaka ukuta ukajaa. Nikajifunza kuwatambua wachoraji. Yule wa mkia wa kushoto nilimkuta kwenye sahani za nyumba mbalimbali, Nguvumali, Pangani, hata moja iliyotoka Pemba, na kila nilipomwona nilifurahi kana kwamba nimekutana na mtu wa mtaani kwetu. Mwingine alikuwa mvivu, majani yake yote yalilala. Nilimsimulia mama habari zao. Mama alisema wazungu nao kumbe wana wavivu.

Wageni waliposifu ukuta, mama alijibu, "Vyombo vyangu hivyo." Alisema akiwa amenyoosha shingo. Mama hakuwa na vitu vingi vya kunyooshea shingo, nami nilikuwa nimesimama pale na birika la chai, nikanyamaza. Ningemkosoa mbele ya watu kwa sababu ya sahani?

Kaka alikuja kila Ijumaa baada ya sala, yeye na mkewe, kula kwetu. Alikuwa akiingia anatazama ukuta anacheka. "Vigae vyako vinaongezeka," aliniambia. Au, "Mama, siku vigae vya huyu vikikuangukia usiseme sikukuonya." Wifi yangu alinishauri nitafute televisheni, angalau ina sauti. Nilicheka nao. Utani wa ndugu, nilijiambia. Vigae vyako. Ijumaa hata Ijumaa, mbele ya mama, mbele ya mkewe, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. Nataka msomaji ayakumbuke maneno hayo.

Kisha wakaenda Unguja, sijui ni mwaliko wa kazi au ni matembezi, wakalala kwenye hoteli ambayo ukuta wake wa mapokezi umetundikwa sahani kama zangu. Waliporudi walikuja Ijumaa kama kawaida. Kaka hakucheka. Alisimama mbele ya ukuta mikono nyuma. Wifi aliigusa ile kubwa kwa ncha ya kidole, akaniuliza ilitoka wapi, nami kwa furaha ya kuulizwa nikamweleza yote. Siku hiyo kaka hakusema vigae. Alisema vyombo.

Mama akaanza kuvimba miguu, kisha moyo ukamsumbua. Hospitali walifanya lao, na sheikh wa mtaa wetu naye akafanya lake: alimwandikia kombe. Huandika aya sahanini kwa zafarani, maandishi yakaoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa akayanywa. Sheikh alitaka sahani ya kauri, nyeupe tumboni. Plastiki, alisema, hunywa zafarani kabla ya mgonjwa. Niliishusha ile kubwa ya Pemba. Maandishi ya njano ndani ya shada la mawaridi yalipendeza hata mama akachelewa kunywa, akawa anayatazama. Aliyamaliza yote. Kila wiki niliishusha na kila wiki niliiosha kwa mkono wangu, na maji yake sikuyamwaga penye kukanyagwa.

Ijumaa moja nilikuwa nimetoka kuiosha, nimeishika, kaka amekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda. Sijui ni nini kilichonisukuma. Pengine ni namna alivyokuwa akiutazama ukuta kupitia mlangoni. Nikasema, "Mama, hebu mwambie kaka sahani hizi ni za nani."

Mama alinitazama, akamtazama yeye. Alikuwa na akili zake timamu. Akacheka kidogo, cheko la mgonjwa.

"Za nani tena? Ni za nyumba."

Kaka akasema, "Umesikia," na akaomba maji ya kunywa.

Namjua mama. Aliona aibu kuweka mpaka kati ya wanawe, hasa akiwa kitandani mgonjwa. Alidhani mapenzi yatafanya kazi ambayo neno moja lingeifanya. Watu huniambia nisimseme vibaya marehemu, nami simsemi vibaya, nasema alijua. Alinigeuzia sahani zile moja moja mapajani kwake, akajua zilikotoka na nilichotoa. Neno lilikuwa moja, na hakulisema. Hilo limeniuma kuliko yote yaliyofuata, maana kwa kaka sikutarajia mengi.

Alifariki. Baada ya arobaini tukakaa sebuleni kugawa mirathi, sheikh yule yule wa kombe katikati. Nyumba, mashamba machache ya minazi, dhahabu kidogo, hayo hayakuwa na ubishi. Mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Ndiyo sheria na sikuikataa. Kisha wifi, aliyekuwa amekaa mlangoni kwa heshima, akasema kwa upole, "Na vyombo vya mama."

Nikasema vyombo vile ni vyangu.

Sheikh akauliza kama nina shahidi. Nikamtaja mwanamke wa Nguvumali, yuko hai. Nikamtaja Mpemba. Sheikh akasikiliza, akasema hao watashuhudia kwamba nilizitwaa kwao, hawatashuhudia kwamba sikumpa mama. Kisha akainuka, akashusha sahani moja, akaigeuza. Akashusha nyingine. Akashusha ya tatu.

"Alama hii ya nani?"

"Ya mama."

"Aliiweka nani?"

"Mama."

"Ulimpa, akapokea, akatia alama yake mbele yako, nawe ukaridhika." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akinionyesha mlango niliotokea mwenyewe.

Nikasema, "Basi shahidi wangu ni huyu," nikamwonyesha kaka. "Muulize. Miaka yote hii alikuwa akiziitaje? Alikuwa akisema vigae vya nani?"

Sheikh akamgeukia. Kaka alikuwa akitazama mkeka. "Ulikuwa utani," akasema. "Mtu hatoi hukumu kwa utani." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayenionea huruma, "Mbona alama ziko wazi, dada."

Fadhila ya punda mateke. Tukazishusha zote, tukazipanga mkekani. Kwake mbili, kwangu moja. Kwake mbili, kwangu moja. Zile za ukingo wa buluu za mjane wa Kihindi, zilizokaa pamoja kabatini tangu ujana wake, zilitengana mbele ya macho yangu. Za mchoraji wangu wa mkia wa kushoto karibu zote zilikwenda upande wa pili. Ilipofikiwa sahani kubwa, ilikuwa ni zamu ya kaka. Sheikh akaichukua kwa mikono miwili, akaiweka upande wangu, akaendelea kuhesabu bila ya kumtazama mtu. Wifi akafumbua mdomo. Kaka akamtupia jicho, naye akaufumba.

Nyumba ya Raskazone walikuwa tayari wameanza kuijenga. Nilialikwa maulidi ya kuifungua, nikaenda, maana kutokwenda kungeupa mtaa la kusema. Wifi alinishika mkono mpaka mbele ya ule ukuta. "Wifi, umeona vyombo vya mama vilivyopendeza?" Nilinyoosha mkono nikashika ukingo wa sahani moja ya mkia wa kushoto, nikajaribu kuigeuza. Ni mazoea tu ya mkono. Haikutikisika. Kule Tongoni, kwenye magofu, watu wa kale walizikandika sahani kwenye makaburi yao, na wakati huo nilifikiri kwamba angalau wao walikuwa wakimheshimu maiti. Chakula kililetwa kwenye melamini, na melamini ile ilitoka dukani kwangu.

Haukupita muda mrefu, kaka akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakamtoka nusu nusu. Nilikwenda kumtazama hospitali, nikakaa, nikaondoka. Waliporudi naye nyumbani, wifi alikuja Mabawa kwa bajaji, mchana wa jua kali, akaiacha ikimngoja barabarani. Alikuwa amekonda. Nilimkaribisha, nikampa maji.

"Sheikh anataka kumwandikia kombe kaka yako," akasema. "Amesema ipatikane sahani ya kauri."

"Kwenu hamna?"

Akatazama chini. "Si unajua ziko ukutani. Fundi amesema kuitoa moja ni kuivunja." Akashika ncha ya buibui. "Nimekuja kuazima ile ya mama."

"Ya nani?"

Alijua ninachokitaka. Nilimwona akijua. Neno lilikuwa fupi, na tulikuwa wawili tu chumbani, hapana sheikh wala mtaa. Nilingoja.

"Ya mama," akasema.

"Mama yuko makaburini, wifi. Kamwazime mwenyewe."

Akaweka bilauri chini, akajifunga buibui vizuri, akatoka. Nilifurahi, nisidanganye. Furaha hiyo ilinitosha mpaka magharibi, kisha ikaniachia ladha mbaya.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Ni nzito kweli, ndiyo maana inachosha kuibeba. Asubuhi niliishusha sahani, nikaiviringisha kwa kanga mbili kama ilivyokuja, nikaenda Raskazone. Wifi alifungua mlango, akanipisha. Sheikh alikuwepo. Aliandika kwa utulivu, nami nikamwaga maji ya waridi kama nilivyokuwa nikimmwagia mama, nikamwinua kaka kichwa akanywa. Mengine yalimtiririka kidevuni, nikayafuta.

Alipomaliza hakuiachia sahani. Kwa ule mkono mmoja uliobaki na nguvu aliigeuza juu ya kifua chake, taratibu, kama tunavyogeuza sote. Akaziona nukta. Akazitazama kwa muda, na macho yake yakajaa maji.

"Alama ya mama," akasema. Ilitoka wazi kuliko neno lolote alilolisema tangu augue.

Nilibaki nimeinama juu yake. Nilidhani kuna neno jingine linakuja nyuma ya hilo. Midomo yake ilicheza. Nikangoja, na sheikh naye nadhani alingoja, maana aliacha kufunga kalamu yake. Kaka akafumba macho, akalala.

Nikaichukua sahani, nikaiosha, nikarudi nayo Mabawa. Nikapitia dukani kwa jirani nikanunua dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nilikaa kwenye kiti cha mama, nikaiweka mapajani, nikaigeuza. Nilikuwa nimejiandaa kusugua sana. Pamba ilipita mara moja na nukta zote tatu zikaondoka, pakabaki peupe, na kumbe ningeliweza kufanya hivyo siku yoyote.

Kichupa cha mama bado kiko kwenye kopo la chumvi. Nilikifungua. Rangi ilikuwa imekauka ndani.